Simu Yenye Dhamiri

Wanaotengeneza Fairphone, kampuni ya Amsterdam, wana nia njema, tuwape haki yao. Kwa simu yao ya kwanza, mwaka 2013, walifuatilia bati la Kivu Kusini na tantalamu ya Katanga, huko Kongo, yasiwe madini yanayofadhili vita, ili mnunuzi wa Berlin apige simu bila kuota bunduki. Skrubu zinafunguka, kioo unabadilisha mwenyewe mezani.

Balaa ni ukitaka kufungua programu. Simu ile ya kwanza ilijengwa juu ya chipu ya MediaTek, na msimbo wa chipu haukuwa mali ya Fairphone kuugawa wala kuurekebisha. Android yake ikazeeka ingali kijana, na mwaka 2017 kampuni ikatangaza kwamba basi, masasisho yake yamefikia kikomo. Madini yenye amani, ndani ya simu isiyopata tena viraka vya usalama! Matoleo ya baadaye yamejitahidi: yanakubali /e/OS, mfumo huria wa Android usio na huduma za Google. Lakini modemu bado inatii programu iliyofungwa ya Qualcomm, mtengenezaji wa chipu zake, na humo hata mwenye simu haruhusiwi kupiga hodi.

Kisha mwaka 2021 Fairphone 4 ikaja bila tundu la waya wa visikilizi, ikifuatana na visikilizi vipya visivyo na waya, vya kununua. Mazingira, nadhani, yalishukuru.

Duka la kampuni linahudumia Ulaya. Bukavu, makao makuu ya Kivu Kusini, halifiki.