Jinsi ya Kumtengeneza Mchawi Kabla ya Mvua

Mchawi haokotwi makaburini usiku. Hutengenezwa kijijini, mchana kweupe, na watu wanaojulikana kwa majina, baadhi yao wakiwa na mhuri wa ofisi mfukoni. Kazi hiyo ina utaratibu wake kama ujenzi wa tembe: nguzo hutangulia, fito hufuata, na udongo wa paa hupandishwa mwisho. Nimeishika sura ya mwongozo, mwongozo wa kejeli, kwa sababu nimechoka kusoma habari za vikongwe waliokatwa mapanga zikiandikwa kana kwamba radi imepiga. Humu hamna cha kuchekesha. Ni kazi ya mikono ya watu, na anayeijua hatua kwa hatua ataona pa kuikamata.

Basi anza na mwaka mbaya. Mwaka mzuri haufai, kwa kuwa watu wenye uwele ghalani hawana haja na mchawi. Hapa Dodoma hutasubiri sana. Mvua yetu ya mwaka mzima ni takriban milimita 550 hadi 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikikatika wiki tatu mwezi Januari, mtama unasinyaa na watu wanaanza kutazamana.

Ugogo una kumbukumbu ndefu ya njaa, na iliyo kubwa kuliko zote katika karne iliyopita ni Mtunya, iliyoanza mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na kuendelea hadi mwaka 1920. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000 waliokuwa wakiishi humu Ugogo. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakachukua tena kilichosalia. Ndipo mvua nayo ikagoma. Aliyetaka kujua mvua imekwenda wapi aliuliza kwa mtemi, maana mtemi ndiye aliyekabidhiwa mawe ya mvua. Lakini wapi wamekwenda ng'ombe, vijana na akiba ya ghalani, hilo halikuhitaji ramli. Walikwenda vitani, kwa amri, chini ya bunduki. Hapa mwongozo unadai jambo moja kwa mkazo: ukitaka kumpata mchawi, usitazame kule kwenye bunduki. Tazama jirani. Jirani hana askari.

Na miaka ya 1947 hadi 1951, Waingereza hao hao walilima karanga Kongwa. Mvua iliwakatalia, ardhi ikakauka ikawa kama saruji, majembe ya matrekta yakavunjika, na mradi ukazikwa ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Bunge la London lilipouliza kulikoni, majibu yalikuwa mvua, udongo, mashine na pupa ya wapangaji. Ni majibu ya kweli. Shamba la kikongwe wa Kongwa liko chini ya mvua ile ile na juu ya udongo ule ule, nalo linastahili majibu yale yale.

Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu, kaskazini ya kwetu, na mwaka 2005 akachapisha aliyoyakuta. Katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalikuwa karibu mara mbili ya miaka ya kawaida. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu. Soma tena hilo neno: ndugu. Ghala likipungua, mlaji asiyeweza tena kushika jembe huanza kuhesabiwa.

Sasa chagua mtu. Awe mwanamke, maana hesabu zinaonyesha hivyo. Mwanaanthropolojia wetu Simeon Mesaki ameandika juu ya watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 1970 na 1984. Wanawake walikuwa 2,286, na zaidi ya nusu ya vifo vyote vilikuwa Usukumani. Miaka karibu thelathini baadaye, ripoti ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ya mwaka 2013 ilitaja watu 765, wanawake wakiwa 505. Theluthi mbili, kizazi baada ya kizazi. Awe mjane. Watoto wake wawe mbali, au wawe wametangulia kaburini. Na awe na macho mekundu.

Niruhusu nisimame kwenye macho, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Dodoma ni nchi ya vikope, ugonjwa ambao madaktari huuita trakoma. Wilaya ya Kongwa inajulikana duniani kote kwa wanaouchunguza. Watafiti wamekuwa wakienda na kurudi huko tangu miaka ya 1980. Ugonjwa huu hupenda mahali penye maji ya shida, mifugo karibu na nyumba, nzi wengi na nyuso za watoto zisizonawishwa kwa sababu ndoo moja ya maji imefuatwa mwendo wa saa mbili. Mtoto huambukizwa akiwa mdogo, akapona, akaambukizwa tena, na tena. Kila mara ngozi ya ndani ya kope huacha kovu. Miaka inapokwenda makovu hukunja kope, nywele zake zikageukia ndani, na kila anapopepesa zinakwaruza jicho. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, halivumilii jua. Mwisho wake ni upofu.

Wanawake huugua hivyo zaidi kuliko wanaume, hata mara kadhaa, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto: mama humbeba mtoto, bibi humlea mjukuu, na vijidudu huhama kutoka uso hadi uso. Ongeza moshi. Tembe la Kigogo lina paa la udongo na matundu machache, na mwanamke amepika ndani yake miaka hamsini, kwa kuni, akiinama kupuliza moto. Kwa hiyo macho yale mekundu ni kumbukumbu. Yanasema: huyu alilea, huyu alipika. Mwongozo wa kutengeneza mchawi unakutaka usome kumbukumbu hiyo kinyume, useme: huyu anakula watu usiku. Hatujawahi kuandika tusi kubwa zaidi ya hilo juu ya uso wa mama.

Hatua inayofuata ni kupata kisa, na kisa hupatikana mlangoni. Bibi amekuja kuomba chumvi, au maziwa kidogo. Umemnyima, maana na wewe huna. Ameondoka akinung'unika. Siku ya tatu mtoto anaugua. Hapo mtu mmoja atasema maneno yanayojulikana tangu Manyoni hadi Mpwapwa: hii si bure, kuna mkono wa mtu.

Waingereza waliyajua haya vizuri. Wanahistoria Keith Thomas na Alan Macfarlane, walipofukua kumbukumbu za mahakama za karne ya 16 na 17, hasa za jimbo la Essex, walikuta mlango ule ule. Mwanamke maskini ameomba, amenyimwa, amesema neno, na msiba umefuata. Aliyenyima ndiye aliyeshtaki. Dhamiri ilimsuta, naye akaigeuza kuwa kesi. Wakati huo Uingereza ilikuwa inabadilika: wakubwa walikuwa wakizungushia ua ardhi iliyokuwa ya wote, bei zilipanda, na msaada kwa maskini, uliokuwa wajibu wa jirani, ulianza kusimamiwa na sheria na kodi. Watu hawakujua tena wanadaiana nini. Sheria za mwaka 1563 na 1604 zikayapa mashaka hayo kitanzi.

Lakini mwongozo haukamiliki bila fundi. Kijiji chenyewe huogopa kumtaja mtu wake, kwa hiyo huitwa mgeni. Mwaka 1645, Uingereza ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na mahakama zikiwa zimelegea, alitokea Matthew Hopkins wa Manningtree, kijana aliyejiita Mkuu wa Wasaka Wachawi. Kwa miaka miwili hivi alizunguka mashariki ya nchi, na zaidi ya watu 100 walinyongwa kwa kazi yake na ya wenzake. Aliwakesheza watuhumiwa siku kadhaa bila usingizi mpaka wakasema alichotaka. Miji ilimlipa, mji wa Stowmarket peke yake ulitoa pauni 23, fedha ambazo kibarua wa zama zile hakuzipata kwa mwaka mzima.

Sisi tunao wa kwetu. Magharibi huko Ufipa waliitwa kamchape, na walikuja kwa mawimbi tangu miaka ya 1930. Sehemu nyingine watu wanawaita lambalamba. Huingia kijijini na ngoma, tunguri na kelele, kila kaya ikachangishwa, kisha wakachimbua pembe au kibuyu uani kwa mtu ambaye jina lake lilikwisha kunong'onwa wiki nzima. Tazama fedha zinakopita. Michango ile haikusanywi gizani. Kuna anayeandika daftari, kuna anayepiga mbiu, kuna kiongozi aliyeruhusu mkutano. Bila yeye lambalamba ni mpita njia tu mwenye mfuko.

Ukitaka kujua yaliyo nyuma ya pazia, nenda Singida. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu waliuawa Unyaturu na miili yao ikaachwa na majeraha kama ya makucha, ikisemwa kuwa ni watu-simba. Hofu ilikuwa kubwa, na kila nyumba ilikuwa na hadithi ya nani anamiliki simba gani. Serikali ya kikoloni ilipochunguza, mahakama zake ziliwatia hatiani binadamu, wenye visu, wenye visasi. Jina la uchawi lilikuwa kifuniko. Ukikifunua unakuta ugomvi wa kawaida kabisa.

Na ugomvi wa kawaida kuliko wote ni shamba. Kanuni za mila za urithi zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana sehemu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Bibi anayekaa juu ya ekari tano za marehemu mumewe anakaa, machoni pa mashemeji, juu ya mali ya watu. Tangu Serikali ihamie Dodoma kwa vitendo, kuanzia mwaka 2016, vijiji vilivyokuwa pori la mibuyu vimekuwa viwanja vyenye bei. Thamani ya ardhi inapopanda hivyo, ulinzi wa wajane unapaswa kupanda nayo.

Kuna pia ujirani wa kulazimishwa. Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, na operesheni za vijiji zilizofuata kote nchini, ziliwakusanya pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila kaya na ng'ombe wake na ukimya wake. Nia ilikuwa shule, zahanati na bomba la maji. Lakini ugomvi uliokuwa ukipoa kwa mtu kuhama ulikosa pa kupolea. Mesaki ameona katika hilo sababu mojawapo ya damu iliyomwagika Usukumani miaka ile ile.

Mwisho, ikwepe sheria. Usiende mbele yake, kwa sababu itakukamata wewe. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, Sura ya 18, ambayo bado inatumika, imelifanya kosa hata tendo la kumtaja mtu kuwa mchawi mahali pasipo mahakama, polisi au kiongozi aliyeruhusiwa kupokea taarifa. Mkutano wa hadhara wa kumtaja bibi wa watu ni uhalifu kabla ya jiwe la kwanza kurushwa. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 8, inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mshukiwa akaishi mahali pengine. Hapo naipinga. Kumhamisha aliyeonewa ili wanaomwonea watulie ni kuwakabidhi shamba.

Wapo wanaosema tusubiri elimu, watu wakiacha kuamini uchawi mauaji yataisha. Uingereza haikusubiri. Jaji Mkuu John Holt, mwishoni mwa karne ya 17, aliachia huru kila mtuhumiwa wa uchawi aliyefikishwa mbele yake. Sheria ikafutwa mwaka 1736. Watu waliendelea kuamini: mwaka 1751, karibu na mji wa Tring, kundi la watu lilimtosa bwawani kikongwe Ruth Osborne mpaka akafa. Safari hii dola ilimkamata kinara wao, Thomas Colley, ikamshtaki kwa mauaji na kumnyonga. Imani ilichukua muda mrefu kufa. Uhuru wa kuua kwa imani hiyo ulikatwa kwanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usisubiri jirani yako aache kuamini. Ewe mtendaji wa kijiji, usitie mhuri mchango wa lambalamba. Ewe shemeji, kaandikishe shamba kwa jina la mjane. Ewe mwenye simu, mpigie polisi siku ya mnong'ono, usingoje siku ya mapanga. Na kama nyumbani kwenu yuko bibi anayekaa kivulini akijing'oa nywele za kope kwa kibanio, machozi yakimtoka, mpeleke akafanyiwe upasuaji wa kope. Ni upasuaji mdogo, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mpeleke kabla ya Desemba.