Nikate Mmoja, Nipande Miwili Wapi?

Wanaotunga kanuni za miti bila shaka wana mashamba makubwa. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100, iliyobeba nyumba, tangi la maji, choo na kamba ya kuanikia nguo, hawezi kumwambia mwenzake: ukikata mmoja, panda miwili. Huo mmoja wenyewe umeshalalia mabati yangu! Usiku wa upepo hakuna anayelala kwangu. Sote tunasikiliza matawi yakikwaruza paa.

Tena ni mkaratusi. Mwaka 2009 hayati John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi kwa ulafi wake wa maji. Wangu hauko mtoni, ukaponea hapo. Enzi hizo mkosaji alikuwa anayeuacha usimame. Leo mkosaji ni mimi ninayetaka kuuangusha.

Nikaenda kwa chifu, chifu akanielekeza kwa afisa wa misitu, afisa akasema lazima auone mti kwa macho yake. Akaja, akautazama, akatazama mabati, akazungusha utepe kwenye shina, akaandika. Kibali cha kukata nikapata. Kumbe kuna kingine cha kusafirisha, iwapo magogo yatatoka nje ya lango. Basi kuni za mama mkwe zitafika na karatasi nyingi kuliko nilizopeleka siku ya mahari.

Miti siichukii. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inataka miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi, na serikali imeahidi miti bilioni 15 kufikia 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ili tupande. Wengi mtaani kwetu waliipanda wakiwa kitandani. Linalonikera ni kwamba mti wa kukatwa hukaguliwa mpaka kwenye mizizi, lakini mche wa kufidia hauulizwi hali na mtu. Hakuna aliyeniambia atarudi mwakani kuuona. Ukikauka, ukiliwa na mbuzi, daftarini unaendelea kunawiri, pengine hata unatoa kivuli.

"Sasa hiyo miwili niipande wapi?" nikamuuliza afisa.

"Mzee, nafasi haikosekani. Pale nyuma ya choo je?"

"Pale ndipo lilipo shimo la maji taka."

"Basi itastawi vizuri sana."

Akaniaga, akaingia kwa mama wa ploti ya nyuma, ambaye naye anataka kuangusha mgrevilea wake. Nasikia amekubaliwa, kwa sharti lile lile. Jana jioni nilimwona akitembea polepole kando ya ukuta wangu, akihesabu hatua, jembe begani.