Jinsi ya Kumaliza Pedi ya Upande Mmoja

Kwanza uwe na pikapu, tuseme Isuzu D-Max yenye breki za diski mbele na za dramu nyuma, inayoleta nyama Soko la Burma alfajiri, ng'ombe kutoka Dagoretti, mbuzi kutoka Kiamaiko. Sanduku la nyama lioshwe kila siku, na maji uyaelekeze kwenye magurudumu pia. Pini za kaliipa zitaishiwa grisi, kisha zitashika kutu. Subira yavuta heri.

Breki ikianza kukwaruza kwenye matuta ya Jogoo Road, ongeza sauti ya redio. Gari likivuta upande ukikanyaga, mlaumu aliyekufanyia alaimenti. Rimu moja ikiwa moto kuliko mwenzake, ni jua la Nairobi.

Sasa tafuta fundi. Chagua yule anayechungulia pedi ya nje kupitia matundu ya rimu, nati zikiwa zimefungwa. "Hii bado nene, mkubwa, songa nayo." Jihadhari na mkorofi anayepiga jeki, akaweka stendi, akatoa gurudumu, akazipanga pedi zote mbili kwenye kaunta ya bucha yako. Ya nje ina milimita 8. Ya ndani ina 2, na chuma kinakaribia kuonekana. Wewe unayebishania gramu 50 za mfupa kwenye mizani, hizo milimita 6 zilikupitaje?

Mkorofi huyo hakimbilii pedi mpya. Anataka kujua mbona pini haisogei. Pistoni inaisukuma pedi ya ndani, kaliipa imekataa kuteleza ili iivute ya nje, basi kazi yote inafanywa na pedi moja. Pedi ikiisha kimshazari, atashuku pini moja imekwama na nyingine inatembea. Na gurudumu moja likila pedi zake zote huku la pili halina habari, atachunguza pistoni, halafu ile paipu ya mpira: ikiharibika ndani hupitisha mafuta ya breki kwenda na kuyazuia kurudi. Mtu wa namna hii atakumalizia asubuhi nzima.

Nenda Kirinyaga Road ukaombe pedi moja. Utaambiwa seti ni nne, mbili kila gurudumu, na kwamba kulia na kushoto hubadilishwa pamoja. Waite wezi.

Wakati wa kufunga, acha kaliipa ining'inie kwa paipu yake; waya wa kuifungia una kazi nyingine. Pini zipake grisi ya beringi, ivimbishe mipira yake, maana ile ya silikoni ni ya wenye pesa. Rudisha pistoni kwa nguvu bila kutazama kikopo cha mafuta ya breki. Yakifurika yatakula rangi ya gari, lakini rangi haisimamishi gari.

Mkorofi angepampu pedali polepole injini ikiwa imezimwa mpaka iwe ngumu, akaangalia kiwango cha mafuta, akalijaribu gari taratibu mahali hapana watu, ndipo akupe ufunguo. Lakini wewe unasubiriwa na wateja. Tia gia, toka kuelekea raundabauti ya City Stadium, na mwenye mkokoteni wa kabeji atakupisha mwenyewe.