Mjomba na Mbuzi Wake, Wewe na Mbuzi Yako

Safari ya familia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lushoto huanzia kwenye kundi la WhatsApp, na jambo la kwanza kuamuliwa ni mbuzi. Haijajulikana bado nani ataendesha Noah wala watoto watalala chumba kipi, lakini mjomba ameshaandika kwamba ana mtu wake Mombo mwenye beberu aliyenona. Ikiwa huli nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, mwongozo huu unaanzia hapo hapo, Jumatano jioni. Andika mapema na uandike kifupi: "Mjomba, mbuzi chinjeni. Mimi nitakula maharage ya nazi, na nitayatafuta mwenyewe." Hilo la kuyatafuta mwenyewe lisikosekane. Ndugu hawana ugomvi na maharage yako. Wanachohofia ni kazi ya kukutafutia chakula saa nane mchana huku watoto wanalia, na aibu ya kusikika baadaye kwamba mtoto wa dada alilala njaa mikononi mwao.

Maswali yatakuja. Wewe Msabato? Umeingia urasta? Daktari kakukataza, ni gauti? Yapokee kwa heshima, kwa sababu kila mtu kwenye lile kundi anamjua Msabato asiyegusa nyama, rasta mwenye sufuria yake, na mzee aliyeachishwa nyama nyekundu kwa ajili ya vidole vya miguu. Wanakutafutia nafasi miongoni mwa watu wanaoeleweka. Usikalie nafasi isiyo yako. Ukijisingizia gauti, mama mkubwa atafika na chupa ya mizizi, utainywa njia nzima, na ukishapona utadaiwa ule supu. Sema ukweli mara moja: mnyama anaumia na anaogopa, na wewe umeamua usile kilichotoka kwake. Baada ya hapo usilirudie mpaka mtu akuulize kwa kutaka kujua. Aliyeshika mfupa mkononi hayuko katika hali ya kufundishwa, na wewe hukuja Lushoto kuhukumu sahani za watu.

Ijumaa pita Kisutu, mtaa wa mahekalu ya Wahindu, ununue chevda na gathia za dengu za kutafuna garini. Uliza kila kitu hata pale, maana wasiokula nyama wengi wa Kihindu hutumia samli na maziwa bila wasiwasi. Ongeza korosho, ndizi mbivu na maparachichi yanayokaribia kuiva. Kisha beba nazi mbili na mbuzi. Mjomba ana mbuzi wake wa Mombo. Wewe ya kwako ikae chini ya kiti, imefungwa kwa khanga ili meno yake yasichane mabegi. Itafanya kazi kubwa Jumamosi usiku.

Kuhusu njia, pigania ya Bagamoyo. Wengi hupita Kibaha na Chalinze kwa mazoea, na Chalinze ni mji wa mishkaki na supu ya asubuhi: utateremka, utazungukwa na moshi, na utarudi garini na chai ya rangi. Barabara ya Bagamoyo inakupitisha Kiwangwa, kwenye mananasi, kabla ya kuungana na ile ya Chalinze pale Msata. Nanasi la Kiwangwa lililomenywa kando ya barabara ndicho chakula cha pekee katika safari nzima ambacho familia yote itakila pamoja bila mtu kuuliza swali. Anza na hilo. Mtu aliyekwisha kula nawe kitu kitamu asubuhi atakuvumilia mchana.

Mkilazimika kupita Chalinze, hutakufa njaa. Mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili ni yako, na mahindi ya kuchoma, na karanga. Vitumbua kwa kawaida ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki, basi. Kwenye maandazi uliza kama kuna maziwa au yai. Kwenye chapati uliza kama ni samli au mafuta. Chipsi kavu zinaonekana salama mpaka uone kikaango: mara nyingi mafuta yale yale yamekaangia kuku tangu alfajiri. Kama hilo linakusumbua, na mimi linanisumbua, rudi kwenye mihogo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, chakula cha mchana, kati ya Segera na Korogwe. Familia itataka hoteli yenye menyu na viti vya plastiki vipya. Menyu hiyo ina kuku nusu, kuku robo, samaki, nyama rosti, na mwishoni kabisa "vegetable rice", ambayo jikoni mara nyingi hutiwa yai. Usibishane na menyu. Wasindikize ndugu wakae, waagize, kisha nenda upande wa pili wa barabara kwa mama lishe, ambaye sufuria zake zimepangwa mbele ya macho yako na kila moja unaweza kuiona, kuinusa na kuiulizia.

Kumuuliza mama lishe kuna utaratibu wake. Kwanza shikamoo, na usubiri marahaba. Pili, usiulize kama "kuna mboga", kwa sababu kwenye meza ya ugali samaki naye ni mboga, na nyama pia. Taja mboga za majani, maharage, mbaazi, kunde. Tatu, uliza sufuria imeungwa na nini. "Mama, kisamvu hiki kina dagaa?" Pwani na Tanga swali hilo ni la lazima, maana kisamvu kinaweza kubeba dagaa au kamba wakavu waliosagika kiasi kwamba huwaoni. "Maharage umeyaunga na nini?" Ukisikia nazi au mafuta, shukuru. Ukisikia kiungo cha pakiti, omba uione pakiti, kwani nyingine zina ladha ya nyama ya ng'ombe. Nne, na hapa wengi huangukia, angalia upawa. Mama lishe mwema hawezi kumpa mgeni wali mkavu, moyo haumruhusu. Utakuwa umemaliza maelezo yote, naye amekubali kwa kichwa, halafu kwa ukarimu mtupu atachota mchuzi wa nyama na kuumwaga juu ya wali wako. "Si nyama, mwanangu, ni mchuzi tu." Kwa hiyo omba mapema: "Mama, mchuzi wangu uwe wa maharage, na kijiko kiwe cha humo humo." Akikupa kuku kwa sababu ulisema huli nyama, usikasirike. Kwake kuku ni kuku, nyama ni ng'ombe na mbuzi. Taja wanyama wote kwa majina, na samaki, na mayai, na maziwa. Inachukua nusu dakika.

Lakini kuna neno moja linaloufupisha utaratibu huo wote, na laiti kila asiyekula nyama katika mwambao huu angelitumia: mwambie unataka kula kama futari. Hapo mpishi yeyote wa Kibondei, Kidigo au Kizigua, Mwislamu au Mkristo, anaona sufuria kichwani mwake. Magimbi. Viazi vitamu. Mihogo ya nazi. Ndizi mbichi za nazi. Kunde, mbaazi za nazi, uji wenye pilipili manga. Watu wa pwani wamekuwa wakimaliza kiu na njaa ya mwezi mzima kwa vyakula hivi kwa vizazi na vizazi, na hakuna aliyewahi kuuona mkeka wa futari akadhani ni mlo wa maskini. Ukisema "futari, bila samaki", mama lishe haanzi kukuonea huruma. Anaanza kufikiria nazi ngapi.

Huruma hiyo ndiyo kizuizi chenyewe, na inafaa tuitazame vizuri. Mhudumu wa hoteli anapokushauri uongeze robo kuku, hana nia mbaya. Wengi wetu tulisoma bweni, na maharage tuliyakuta huko: meupe kwa maji, yenye wadudu wake, Jumatatu hadi Jumapili. Nyama ilikuja sikukuu. Mtu aliyekulia hivyo akisafiri na watoto wake mwisho wa wiki, anataka wale sikukuu, na ndugu anayeagiza maharage mbele yao anairudisha meza nzima bwenini. Ndiyo maana usiagize kinyonge. Usiseme "nipe tu maharage." Agiza kwa mama lishe sahani kubwa, ya kutosha watu wanne: maharage ya nazi, mchicha wa karanga, ndizi, parachichi, kachumbari ya pilipili mbuzi, na ndimu pembeni. Ilipie wewe. Ivushe barabara, uiweke katikati ya meza ya ndugu. Utaona mikono. Shemeji aliyekuwa akicheka atauliza kama karanga zilisagwa au zilitwangwa, na kabla kuku hajafika nusu ya sahani itakuwa imekwenda. Ndiyo sababu ya kuagiza ya watu wanne.

Kutoka Mombo barabara inapanda kwa mizunguko hadi Lushoto, na hewa inabadilika. Katika Milima ya Usambara hulimwa kabichi, karoti, viazi na nyanya zinazoteremka kila siku kwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam, na katika msimu wake utakuta pichi, plamu na peasi kwenye ndoo kando ya njia. Nenda sokoni siku ile ile ya kufika. Chakula bora zaidi cha Lushoto kipo pale, na mtu akikupikia makande ya Kisambaa, mahindi na maharage yaliyochemka polepole hadi yakalainika, keti ule. Uliza tu kama yametiwa maziwa, maana wapo wanaoyatia. Jumapili familia itataka kwenda Irente kuangalia bonde kutoka ukingoni mwa mlima. Shamba la huko lina sifa ya jibini. Waachie jibini, wewe chukua jamu.

Jumamosi usiku ndipo mbuzi wa mjomba anachomwa, na watu wengi wasiokula nyama hukosea kwa kujifungia chumbani. Kaa na ndugu. Mapema, saa kumi jioni, mfuate mpishi wa gesti na nazi zako mbili na mbuzi yako, umwombe pembe moja ya jiko. Ndizi zichomwe upande usiofikiwa na mafuta ya nyama, au kwenye wavu mwingine. Ugali hauna tatizo. Kuna nazi, kuna maharage, kuna bustani nzima ya mboga nyuma ya ukuta. Ukikuna nazi mwenyewe, watoto watakuja kuangalia, kwa sababu watoto wa Sinza na Tabata wanalijua tui la pakiti tu, na wawili watatu watataka kujaribu. Waache. Mtoto aliyekuna nazi hukila alichokipika.

Na kwenye moto huo ndipo utakapoulizwa kuhusu damu. "Damu utaitoa wapi?" atasema mama mkubwa, naye anasema kwa mapenzi, amewaona wanaokaukiwa. Mjibu kwa mambo ya kweli. Madini ya chuma yamo kwenye maharage, dengu na mboga za majani, na ndimu unayokamulia juu yake inasaidia mwili kuyachukua. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula inayazuia, kwa hiyo unakunywa baadaye. Protini unaipata kwenye makande, ambamo mahindi na maharage yanakamilishana. Vitamini B12 huwezi kuitegemea kwenye mimea, kwa hiyo unameza kidonge cha duka la dawa, na kionyeshe. Mama mkubwa akiona kidonge ataridhika kuliko hoja kumi. Watoto wako kama nao hawali, hakikisha wanapata hiyo B12 kwa ushauri wa mtu wa afya, usikisie.

Bibi ni sura ya peke yake. Bibi akimwona mjukuu anakula bila yai, atamchemshia yai kisirisiri, kwa sababu kulisha ndiko kupenda kwake, na kumkemea mbele ya watu ni kumvunja. Mpe kazi. Mkabidhi begi la vyakula vya watoto, kashata za nazi, karanga, ndizi, korosho, na umwambie: "Bibi, wewe ndiye mwenye ghala, wagawie." Anayegawa mwenyewe hana haja ya kuficha yai.

Kifungua kinywa cha gesti kipange usiku, la sivyo asubuhi kutakuwa na mkate, yai na chai ya maziwa ambayo imeshachanganywa kwenye chupa. Omba magimbi au viazi vitamu, uji wa ulezi usio na maziwa wenye ndimu na karanga, na maji ya moto yaletwe mbali na majani ya chai.

Yule mama lishe wa Korogwe, ulipomlipa Jumamosi, ulipaswa kuchukua namba yake ya simu na kumwachia shukrani juu ya bei. Jumapili, gari likimaliza mizunguko na kufika Mombo, mpigie. Mwambie mko wangapi, mwambie kama jana, na mjomba naye ameuliza kama yale maharage ya nazi yatakuwepo.