Nyuki Ndani ya Sabufa

Mtu wa Dar es Salaam akikwambia siku hizi nyimbo husikilizwa mtandaoni tu, mwalike Kabanga, huku kwetu Ngara. Ukisogeza simu dirishani inadaka mnara wa Burundi, saa inarudi nyuma kwa saa nzima, kisha unaingia ujumbe wa kukukaribisha nchi ambayo hujaikanyaga. Bando lako la Tanzania linabaki limenuna. Nyimbo za uhakika ni zile zilizo ndani ya diski, ndiyo maana nikatafuta kompyuta mpakato ya kupigia muziki sebuleni.

Shemeji yangu wa Biharamulo alijiteua mshauri. Dukani mitumba ya Dubai imepangwa mezani, yeye na muuzaji wakaitikiana: "Shemeji, beba hii i7. Hii ndiyo mashine!" Nikauliza kama tundu la spika linafanya kazi, na feni inapiga kelele kiasi gani. Wakatazamana.

Muziki wala hauhitaji prosesa ya i7. Pentium za miaka ya 1990 zilicheza MP3 bila taabu. Nafasi ndiyo inayohitajika: dakika moja ya sauti ya CD inakula megabaiti kama 10, ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula moja tu, nasi wapenzi wa TPOK Jazz tunajua wimbo mmoja unaweza kukaribia robo saa. Pale kando palikuwa na mashine ya bei chee yenye diski ya gigabaiti 320. Hizo ni MP3 za kupigwa usiku na mchana zaidi ya nusu mwaka. Muuzaji aliona hata aibu kuitaja. Tukarudi na i7, maana shemeji alikuwa ameshapatana bei na kushika mfuko.

Jumapili akaja mama mkwe. Baada ya shikamoo na chai nikachomeka sabufa. Kabla gitaa halijalia, ukatoka mvumo: nnnng'ng'ng'! Mama mkwe akatua kikombe.

"Mwanangu, mmeanza kufuga nyuki ndani?"

"Hiyo ni bezi, mama," shemeji akadakia.

Bezi wapi! Chaja na sabufa zote zilikuwa ukutani, waya wa sauti umeziunganisha, na umeme umepata njia ya kuzungukia. Nikachomoa chaja. Nyuki kimya, gitaa la Franco wa TPOK Jazz likatoka safi, mama mkwe akaanza kutikisa bega. Betri ya mtumba ikakata wimbo ukikaribia sebene.

Siku hizi kwangu wimbo unaanzia kwenye sebene, ili umeme wa betri ukiisha watu wawe wameshacheza. Mama mkwe anashauri tununue redio ya mkulima tusikilize Radio Kwizera, iliyoanzishwa hapahapa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi. Shemeji amekataa katakata. Anasema redio haina i7.