Nyundo Si Bisibisi

Mlango wa jikoni kwangu, hapa Nyalenda, Kisumu, una skrubu 12. Bawaba mbili, kila bawaba skrubu sita. Nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyohesabu mshahara, kwa sababu mshahara huisha kabla sijamaliza, na skrubu ziko pale pale, zimetoa vichwa nje kama viboko wa ufukwe wa Dunga wakichungulia watalii.

Vichwa vingezama, mlango ungefungika. Havikuzama. Ukiusukuma, vichwa vya upande huu hugongana na vya upande wa pili, mlango hubakiza upana wa vidole viwili, halafu hurudi polepole kama mgeni aliyesahau simu. Mbu wa mtaa mzima hupitia hapo. Juzi paka wa jirani aliingiza mguu, akavuta, akaingia, akatoka na kichwa cha samaki, mbuta, nilichokuwa nimejiwekea cha jioni.

Fundi aliyeuweka ni kijana wa heshima sana. Aliniita jaduong', yaani mzee, mara saba kwa nusu saa. Afadhali angeniita mara moja na kutoboa tundu mara 12. Alikuja na penseli sikioni, nyundo, na bisibisi moja ya staa ambayo ncha yake imelika ikawa butu kama kidole gumba. Akashika skrubu, akaitwanga nyundo, pa, pa, pa, mpaka ikabaki kidogo, ndipo akachukua bisibisi akaizungusha mara moja na nusu, nadhani kwa kunifurahisha.

“Fundi,” nikamwambia, “huo si msumari.”

“Jaduong', itashika tu.”

Fremu ni ya mvule, na mvule haubembelezwi kwa nyundo: skrubu mbili zilikatika vichwa hapo hapo. Zilizobaki zilirarua nyuzi za mbao badala ya kujikatia njia, na sasa bawaba ya juu inacheza. Skrubu, Pwani wanaiita parafujo, neno walilochukua kwa Wareno. Wareno walituachia parafujo, meza na leso. Bisibisi naona waliondoka nayo.

Basi usiku mmoja, mbu wakiwa wameninyima usingizi, nikajitazamia simu. Nikaangukia video ya mzee mmoja wa Marekani akijiundia gobore, ile bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni. Huku kwetu ukikutwa nayo utaenda kujieleza kituoni. Kule ni burudani ya wastaafu. Mzee akatoboa tundu jembamba la kushika meno ya skrubu. Akalipanua juu kidogo, shingo ipite. Kisha akatia keekee yenye ncha ya pia na kutanua mdomo wa tundu, kwa mkono, taratibu. Akajaribu skrubu, akaitoa, akapuliza vumbi, akaipaka nta, akairudisha. Alipomaliza alipitisha ukucha juu ya kichwa na ukucha haukukwama popote. Tena akahakikisha mfereji wa kila skrubu umelala sambamba na mtutu! Skrubu moja ilimchukua karibu saa nzima. Fundi wangu hapo angekuwa amemaliza mlango, amelipwa, na yuko Kondele anakula chapati.

Asubuhi nikaenda mjini nikiwa mtaalamu. Nilikuwa nimejua kwamba vichwa hivi vya kuzama navyo vina vipimo: skrubu za milimita kwa kawaida huchongwa nyuzi 90, za inchi za Kimarekani nyuzi 82, na ukichanganya, kichwa hukalia ukingo tu badala ya kutulia. Nikamwomba muuzaji keekee ya kutanua mdomo wa tundu.

“Ya nini, mzee?”

“Ya kuzamisha vichwa vya skrubu.”

Akanitazama kwa huruma, akaenda nyuma ya duka, akarudi na nyundo.

Na huu ndio mji uliowahi kuunganisha meli. Meli ya Rusinga iliundwa Paisley, kule Scotland, ikaletwa vipande vipande, na mwaka 1914 ikashushwa majini hapa Kisumu ikaelea. Mlango wangu ulitoka mtaa wa pili ukiwa mzima.

Mke wangu anasema nisimlaumu kijana wa watu. Anakumbuka tulivyopatana. Fundi alitaja bei, nikacheka. Akataja nyingine, nikaanza kuondoka. Akasema basi, ila keekee ni ya kukodi, na kwa bei hiyo haitakuja. Nikamwambia njoo hivyo hivyo. Kwa hiyo kazi ya nyundo niliilipia mwenyewe, na kwa kweli nilipata ya hela yangu. Lakini mbu hawamng'ati yeye.

Jumamosi nimejaribu kuzitoa mwenyewe. Misalaba yote imepondeka, bisibisi inateleza tu, na kiganja changu kina lengelenge. Kwa hiyo, msomaji, kama uko karibu na una koleo la kung'ang'ania vichwa, na keekee yenye ncha ya pia, tafadhali pita kwangu saa yoyote. Usibishe hodi kwa kugonga mlango, bawaba ya juu haitastahimili. Uko wazi, ingia tu.