Mwenye Seva Hataki Fujo

Aliyewahi kupanga chumba Manzese, Dar es Salaam, ameshamaliza nusu ya kozi ya seva. Mwenye nyumba hukupa ufunguo pamoja na makatazo yake: pasi marufuku, jiko la umeme marufuku, geti linafungwa saa nne usiku, umeme wa LUKU mnachanga. Seva ya bei nafuu ni hivyo hivyo. Ukilipia, unapewa chumba ndani ya Tomcat moja, programu inayobeba programu za Java, mnamoishi wapangaji wengi msiojuana, chini ya mwenye nyumba asiyeonekana, anayejibu baruapepe siku anayojisikia.

Nilipanga chumba hicho kwa niaba ya chama cha kuweka na kukopa cha wauza mitumba wa pale Manzese. Mama mwenyekiti aliniita kwenye meza yake ya magauni akasema, “Mwanangu, nataka kila mtu aone deni lake kwenye simu. Daftari limelowa mchuzi, na waliolowa ni wale wale wanaodaiwa.” Bajeti ya chama haikufika kwenye seva ya peke yetu.

Programu nikaiandika kwa Java, juu ya kiunzi cha Spring. Kwenye laptop yangu ilitii kila amri, maana kwenye laptop yangu mwenye nyumba ni mimi. Nikapandisha faili la WAR, yaani programu iliyofungashwa, kwenye seva, ikagoma kuamka.

Spring ina tabia ya kuchungulia. Ili iunganishe vipande vya programu, hufungua hata sehemu ambazo mwandishi ameziweka siri. Mwenye seva naye alikuwa amemwasha mlinzi wa usalama wa Java, ambaye hutembea na faili moja la sheria, catalina.policy, na kisichoandikwa humo hakipiti. Kuchungulia hakukuandikwa. Kusoma faili nje ya folda yako, hapana. Kuandika ripoti ya makosa kwenye folda ya jumla, hapana. Yaani programu ilikuwa na kosa, na kulisema kosa lenyewe nako kulikuwa kosa.

Mama mwenyekiti akapiga simu. “Imefunguka?”

“Bado mama, nasubiri ruhusa.”

“Ruhusa ya nani tena? Si tumelipa?”

“Ya mlinzi.”

“Basi mpe ya soda!”

Nikamweleza kwamba mlinzi huyu ni mistari ya maandishi, hanywi chochote. Akaguna. Kwa uzoefu wake wa mjini, mlinzi asiyekunywa soda anasubiri kitu kikubwa zaidi.

Ruhusa ilipotoka, ikazuka kesi ya majina. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle iliamua kuikabidhi Java EE kwa taasisi ya Eclipse, lakini haikukubali jina la javax liendelezwe na wengine. Eclipse wakachagua jina Jakarta EE, na toleo la 9, la mwaka 2020, likageuza vifurushi vyake vyote kutoka javax kwenda jakarta. Tomcat 9 inajua jina la zamani; Tomcat 10 inajua jipya tu. Mwenye seva akatuhamishia Tomcat 10 mwisho wa wiki bila tangazo. Programu yangu ilikuwa bado inaitika javax, na Tomcat haikulalamika hata kidogo: ilijifanya haimjui mtu. Wanachama wakifungua, wanakutana na 404, yaani ukurasa haupo. Wakubwa wamegombea jina ng'ambo, aliyeshindwa kuliona deni lake yuko Manzese.

Tomcat 10 ina folda maalumu, webapps-javaee, inayobadilisha programu za zamani yenyewe. Mpangaji haruhusiwi kuigusa. Nikaigeuza programu nyumbani kwa zana ya Apache, nikaipandisha upya.

Ikafanya kazi, na wadaiwa sugu wakaanza kulipa kwa wakati. Mama mwenyekiti alifurahi mpaka alipouliza kwa nini wote wanalipa saa nane usiku. Seva ilikuwa ikifuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu. Anayelipa saa nane usiku wa kuamkia tarehe mosi alikuwa akiandikiwa tarehe ya jana, na faini inampita. Tuliodhani wanaamkia tahajudi walikuwa wanaamkia marejesho.

Nikajaribu kuiwekea programu nzima saa ya Dar. Mlinzi akakataa, na safari hii alikuwa na hoja: ukibadili saa ya Java mnamoishi pamoja, umewabadilishia na majirani. Ikabidi niandike Africa/Dar_es_Salaam kila mahali tarehe inaposomwa. Faini zikarudi, na sala za usiku zikapungua.

Makatazo yale hayana chuki. Bila mlinzi, programu ya jirani ingeweza kusoma nywila za hifadhidata yetu, na amri moja ya System.exit ingezima nyumba nzima. Mlinzi mwenyewe ameshaachishwa kazi: Java 17 ya mwaka 2021 ilimpa notisi, Java 24 ya mwaka 2025 ikamfungia kabisa. Amestaafu bila kuonja soda ya mtu. Mwenye uwezo hapangi: Wizara ya Afya ya Tanzania inatumia programu ya Java inayokaa ndani ya Tomcat, DHIS2 kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, lakini haikai kwenye chumba cha kupanga na wauza mitumba. Mwenye nyumba yake anapiga pasi saa anayotaka.

Wewe unayetafuta seva ya bei nafuu, usianze na bei. Uliza Java toleo gani, Tomcat toleo gani, nani ana mamlaka ya kuiwasha upya, na ripoti ya makosa inaandikwa wapi. Kisha mwulize mwenye seva ni saa ngapi kwenye seva yake. Akikujibu kwa saa ya huko aliko, waambie wanachama wako mapema kwamba saa nane usiku ni ya kulala.